Bendi ya zamani isiyojulikana: iachwe kwenye kamusi elezo au ifutwe?

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimelileta hili hapa kwa sababu humu kuna watu waliokesha kwenye kumbi za dansi, na kuna wengine wanaohariri Wikipedia. Hawa wawili ni nadra kukaa pamoja wakaongea.

Miezi miwili iliyopita niliandika makala fupi ya bendi iliyokuwa ikipiga dansi kwenye mji mmoja mdogo wa Mkoa wa Tanga, tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 hadi katikati ya miaka ya 1970. Wiki hii mhariri mmoja kaibandika alama ya kupendekezwa kufutwa. Sababu aliyoiandika ina maneno manne: hakuna chanzo kilicho huru. Siku 7 za mjadala zimeanza kuhesabiwa.

Niseme kwanza upande wangu. Mjomba wangu alipiga gitaa la rizimu kwenye bendi hiyo. Nimekua nikiiona picha yao ukutani kwa bibi: vijana tisa waliovaa bugaluu, mmoja kashika saksafoni isiyo yake (vyombo vyote vilikuwa mali ya ushirika uliowaajiri), na mjomba pembeni kabisa kana kwamba anataka kutoka kwenye picha. Kwa hiyo mimi ni mtu mwenye maslahi. Kwenye ukurasa wa majadiliano nimeliandika hilo kwenye mstari wa kwanza, kama kanuni inavyotaka.

Jina la bendi silitaji, naomba msiniulize. Nikilitaja, baadhi yenu mtaenda kuandika "iachwe" kwa kunionea huruma. Kukusanya watu wa kuegemea upande mmoja ni kosa kule, tena halisaidii chochote. Ule si uchaguzi. Watu 40 wanaweza kuandika "iachwe" bila ushahidi, na mmoja akaandika "ifutwe" kwa hoja. Mkabidhi (msimamizi wa Wikipedia) atakayefunga mjadala anapima hoja, hahesabu vichwa.

Swali langu ni hili. Bendi iliyopendwa na mji mzima kwa miaka saba au minane, ikarekodi nyimbo redioni, ikafa kimya kimya, na leo ukiitafuta mtandaoni unapata mistari miwili tu, je, inastahili ukurasa wake? Sitafuti wa kunifariji, nataka kulielewa jambo lenyewe. Siku zimebaki sita.

#2 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, pole. Kwangu mimi hilo halina mjadala. Kama watu walicheza, bendi ilikuwepo. Ikiwepo, iandikwe. Mtandaoni nafasi haijai.

#3 Mchangiaji ambaye pia ni mhariri

Ndugu wa Dodoma, hakuna anayebisha kwamba bendi ilikuwepo. Hata kinyozi wa mtaani kwetu yupo. Na nafasi si tatizo, tatizo ni uthibitisho. Makala inaandikwa kutokana na kile ambacho mtu mwingine, asiye na uhusiano na bendi, alikwisha kukichapisha kwa kirefu. Kisipokuwepo, mwandishi atajaza makala kwa kumbukumbu zake, na kesho mtu mwingine ataibadilisha kwa kumbukumbu zake yeye. Nani atawaamua?

Mleta uzi, nikupitishe kwenye vigezo vya muziki vya Wikipedia ya Kiingereza, maana ndivyo vilivyoandikwa kwa kirefu zaidi. Kila lugha ina kanuni zake na yetu ni laini kidogo, ila wengi tunaviangalia vile.

Kigezo cha kwanza ndicho kikuu: bendi iwe imeandikwa kwa undani kwenye machapisho zaidi ya moja yaliyo huru. Kutajwa kwenye orodha hakuhesabiki. Tangazo la dansi halihesabiki pia, kwa sababu bendi au ukumbi ndio uliolilipia.

Vingine ni njia za pembeni, dalili kwamba vyanzo huenda vipo mahali. Wimbo uliopanda kwenye chati ya taifa. Santuri iliyopata cheti cha dhahabu. Albamu mbili au zaidi kwenye kampuni kubwa. Ziara ya kimataifa iliyoandikwa. Tuzo kubwa. Wanamuziki wawili au zaidi ambao kila mmoja anastahili makala yake. Nyimbo zinazopigwa mara kwa mara na redio ya taifa. Au bendi iwe ndiyo mwakilishi mkuu wa mtindo fulani, au wa muziki wa mji fulani.

Sasa ipime bendi ya mjomba. Morogoro Jazz wanapita bila jasho: Mbaraka Mwinshehe, safari ya Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970, vitabu. Cuban Marimba wanapita. Western Jazz, NUTA, Mlimani Park, sina haja ya kuendelea. Kwa Tanga, ukiniuliza nani mwakilishi mkuu wa dansi ya enzi zile nitakujibu Atomic na Jamhuri, na upinzani wao ulikuwa mkali. Ya mjomba wako ilikuwa ya mji wa jirani. Unaona inapokwamia.

Mimi siyo niliyeibandika alama. Lakini kwa hali ilivyo sasa, ningeibandika.

#4 Mleta uzi

Nashukuru, mkuu, umenieleza kama mtu mzima. Nina mambo mawili.

La kwanza ni neno. Kwetu kigezo hiki tumekizoea kwa jina la "umaarufu", na naamini neno hili limeleta ugomvi mwingi usio na sababu. Mtu akisikia bendi ya babu yake "haina umaarufu" anaumia, anakuja na hadithi za ukumbi uliofurika hadi watu wakachungulia madirishani. Anajibu swali aliloulizwa. Kumbe anayeuliza anataka kujua kama bendi imeandikwa na wengine. Bendi yaweza kuwa maarufu wilaya nzima isiwe na hata aya moja mahali popote, na nyingine ikapigia watu 50 kwa msimu mmoja, bahati ikawa mtafiti alikuwa miongoni mwao na daftari lake. Ningependa tuseme "kustahili kuandikwa", au hata "kuwa na vyanzo". Lisingependeza masikioni, lakini mzozo ungepungua.

La pili, vigezo vyenyewe. Nimevisoma usiku kucha na naona kila kimoja kimeshonwa kwa mwili wa mtu mwingine. Chati ya taifa ya mauzo? Tanzania ya 1971 haikuwa nayo. Albamu mbili? Bendi zetu hazikutoa albamu. Zilitoa santuri ndogo, wimbo upande huu na wimbo upande ule, na nyingi hazikutoa hata hizo. Zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, utepe ukabaki studio. Kiwanda cha kufyatua santuri nchini hakikuwepo, aliyetaka santuri alikwenda Nairobi. Tuzo? Zilikuja bendi hii ikiwa imekufa zaidi ya miaka ishirini. Ukiondoa hivyo vyote kinabaki kupigwa na redio ya taifa, na redio ya taifa ilikuwa moja tu, ikizipiga bendi zote zilizorekodi kwake.

Sisemi tushushe kizingiti. Ninauliza kama kizingiti hiki kinapima bendi, au kinapima nchi ilikuwa na viwanda gani.

#5 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu yangu, hoja yako ya mwisho ina kisa chake huku kwetu, tena cha bendi. Mwaka 2010 Just a Band wa Nairobi walitoa video ya wimbo wao "Ha-He", yenye shujaa aitwaye Makmende. Nchi nzima ikawa Makmende. Jina lenyewe lilikuwa la mitaani tangu tulipokuwa wadogo: ukijifanya hodari unaulizwa, "Unajifanya Makmende?" Watu wakaandika makala yake kwenye Wikipedia ya Kiingereza, ikafutwa. Wakaandika tena, ikafutwa tena. Waliofuta hawakuwa na ubaya, ila waliliona neno wasilolijua na hawakuwa na njia ya kujua kwamba Wakenya walikuwa hawazungumzi jambo jingine. Makala ilikaa baada ya vyombo vya nje, CNN wakiwemo, kuandika. Yaani ilibidi habari yetu iende ng'ambo, irudi na muhuri.

Na si Afrika peke yake. Donna Strickland alipata Nobeli ya Fizikia Oktoba 2018. Mei mwaka huohuo rasimu ya makala yake ilikuwa imekataliwa kwa kukosa vyanzo vya kutosha. Profesa wa Kanada huyo! Kwa hiyo chujio lina matundu, na mengine yako pabaya.

Lakini nikutahadharishe, maana naona waelekea kwenye santuri. Mimi hukusanya santuri za zamani. Nina za bendi ambazo sijapata mtu hata mmoja wa kunieleza zilitoka wapi. Karatasi ya katikati ina jina la bendi, majina ya nyimbo, namba ya kampuni, basi. Hiyo yathibitisha kwamba wimbo ulirekodiwa. Haikwambii bendi ilianza lini wala nani alipiga solo. Usiende kwenye mjadala na picha ya santuri ukadhani umeshinda.

Na blogu za zilipendwa zisikutie moyo pia. Nimekuta aya nzima ya blogu imetokana na makala ya Wikipedia isiyo na chanzo, kisha mtu akaitia blogu ileile kuwa chanzo cha makala ileile. Nyoka kajimeza mkia.

#6 Mzee, Korogwe

Wanangu, nimewasoma. Mimi sihariri chochote, lakini nilipiga tumba miaka mitano kwenye bendi ambayo nayo haina ukurasa popote, kwa hiyo nina la kusema.

Mnazungumzia kurekodi kana kwamba ilikuwa kwenda na kurudi. Mlitoka wilayani kwa lori, vyombo juu na nyinyi juu ya vyombo. Mashairi mmeyapeleka mapema yakapitiwa, maana redio haikukubali kila neno. Mkifika Dar mnapangiwa siku. Mnaingia studio, mnapiga wote kwa pamoja, mmoja akikosea mnaanza upya. Malipo hayakuwa ya kufikiria. Tulichokifuata ni wimbo usikike hewani, ukisikika dansi la Jumamosi linajaa, na aliyetuajiri anaona faida ya kununua nyuzi mpya. Tulirudi nyumbani mikono mitupu na tumefurahi.

Baada ya hapo kila mmoja anakaa na redio. Siku wimbo wetu ulipopigwa mara ya kwanza nilikuwa kwa fundi cherehani. Nilitoka nje mbio nikawaambia watu "ni sisi hao!" Hilo hamtalipata gazetini.

Lakini gazeti lilikuja. Hapo ndipo nataka mnisikilize. Mwandishi alikuja kwenye mashindano ya mkoa, akauliza majina, akaandika. Sikumbuki gazeti lipi, nakumbuka kiongozi wetu alilikata akalibandika ndani ya kifuniko cha sanduku la gitaa. Wakati ule palikuwa na Uhuru, palikuwa na Ngurumo, palikuwa na jarida la Nchi Yetu. Waandishi walipenda habari za bendi kwa sababu wasomaji walizipenda. Kwa hiyo anayesema hatukuandikwa, mwulizeni ametafuta wapi.

#7 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Nimekusoma mara tatu. Kesho sitaenda kazini, naenda maktaba.

#8 Mchangiaji, Dodoma

Marahaba aipokee mwenyewe, lakini na mimi niulize: kwa nini hili alilolisema mzee lisiwe chanzo? Yeye alikuwepo, mwandishi wa gazeti alipita saa mbili.

#3 tena, mhariri

Mzee, shikamoo. Ndugu wa Dodoma, swali lako si la kitoto, limeshaulizwa rasmi. Mwaka 2011 kulifanywa mradi India na Afrika Kusini, wahariri wakarekodi watu wakieleza michezo, mapishi na mila za kwao, wakataka sauti hizo zitumike kama marejeo. Walitengeneza na filamu. Haukuwa kanuni. Kikwazo ni kilekile: msomaji akiwa na shaka, atamthibitisha nani? Na mhariri anayemhoji mzee kisha akaandika makala anakuwa mtafiti wa kwanza, kazi ambayo kamusi elezo haifanyi.

Lakini mtu akimhoji mzee, akachapisha mazungumzo hayo kwenye gazeti au jarida lenye mhariri wake, hapo tayari tuna kitu. Haya aliyoyaandika mzee hapo juu ningeyanukuu kwa furaha kama yangekuwa yamechapishwa.

Mleta uzi, mambo matatu kabla hujaenda. Chanzo si lazima kiwe mtandaoni. Gazeti la karatasi linatosha, ukiandika jina, tarehe na ukurasa ili mwingine aweze kulifuata. Pili, usihangaike sana na hoja ya "fulani mkubwa alipitia bendi hii". Muhiddin Gurumo alipitia Rufiji Jazz na Kilwa Jazz kabla ya NUTA Jazz ya 1964, na hilo linaingia kwenye makala ya Gurumo vizuri sana. Sifa ya mtu hairithiwi na kila bendi aliyoigusa. Tatu, kuna njia ya katikati. Makala ya bendi inaweza kufanywa elekezo (ukurasa unaompeleka msomaji kwenye makala nyingine), habari zake zikahamia kwenye makala pana, tuseme ya muziki wa dansi Tanga. Historia ya maandishi yako haipotei, na siku vyanzo vikitimia inafufuliwa. Wengi wanaona kuunganisha ni kushindwa. Mimi naona msomaji anapata zaidi akiikuta bendi ndogo ikiwa kando ya wapinzani wake, kuliko kuikuta peke yake kwenye ukurasa wa mistari minne.

#9 Mzee, Korogwe

Marahaba wanangu wote. Huyo anayekwenda maktaba aangalie kurasa za nyuma, karibu na mpira.

#10 Mleta uzi

Wakuu, nimerudi. Nimekwenda siku mbili, si moja.

Siku ya kwanza nilikuwa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, sehemu ya East Africana. Sikuwahi kushika magazeti ya enzi hizo. Karatasi imekuwa rangi ya chai na pembe zinavunjika ukigeuza kwa haraka. Unajifunza kupumua polepole. Hakuna pa kuandika jina la bendi ukabonyeza, unageuza siku baada ya siku, Januari, Februari, vita vya nje, bei ya pamba, mpira. Mzee alisema kweli, bendi ziko jirani na mpira. Niliona majina ya bendi nisizowahi kuzisikia, za Lindi, za Singida, za viwandani, za jeshini. Nikaanza kuyaandika yote. Nimejaza kurasa sita za daftari, na kati ya majina hayo sijui kama kumi yana makala.

Ya mjomba niliipata saa tisa alasiri, gazeti la Kiswahili la 1971. Ni orodha ya bendi zilizoshiriki mashindano. Jina lao ni la tano. Basi.

Siku ya pili nilikwenda Nyaraka za Taifa, Upanga. Asubuhi yote patupu. Kisha nikaipata, gazeti jingine, 1972, nusu ukurasa na picha. Mwandishi kaeleza bendi ilivyoanzishwa, nani aliinunulia vyombo, mtindo wao unaitwaje na watu wanaucheza vipi. Wanamuziki tisa wametajwa kwa majina na vyombo vyao. Mjomba yumo. Wamekosea herufi moja ya jina lake. Nilikaa na ukurasa ule mpaka mhudumu akaja kuniuliza kama niko sawa.

Nimegundua pia kwamba makala yangu ilikuwa na makosa mawili. Niliandika bendi ilianza 1967 kwa sababu ndivyo tulivyoambiwa nyumbani. Gazeti linasema 1969. Na mpiga solo niliyemwandika kuwa mwanzilishi alikuja baadaye. Ningeiacha vile, mwaka 1967 ungekuwa umeshanakiliwa na blogu tatu.

Jioni nimeandika kwenye ukurasa wa majadiliano. Nimeweka tarehe na kurasa za magazeti yote mawili, nimesema wazi kwamba la kwanza ni kutajwa tu na la pili ndilo pekee lenye undani, yaani chanzo kimoja, na kanuni inataka zaidi ya kimoja. Kisha nimependekeza mwenyewe: iunganishwe kwenye makala ya dansi Tanga, na ukurasa ubaki elekezo. Nimerekebisha mwaka. Aliyebandika alama amejibu ndani ya saa moja, amekubali, na ameniomba nimwandikie yale majina ya daftarini.

Mzee wangu wa Korogwe, kwenye kurasa zile sita kuna bendi mbili za Korogwe. Naomba unitumie ujumbe wa faragha uniambie yako ilikuwa ipi. Jumatatu naanza na magazeti ya 1973.